Jiwe la Nyongo Katika Nyumba ya Watu

Kimisagara, Jumapili, 4 Septemba 1994

Daftari hili lilikuwa la kuorodhesha makosa ya chapa. Nimerarua kurasa kumi na moja za mwanzo. Zilizobaki ni zangu. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha mapadri mjini Bujumbura. Nilisoma katekisimu, kalenda na matangazo ya misiba kabla hayajachapwa, nikitafuta kosa. Sasa sina cha kusahihisha ila mji huu.

Nyumba ina vyumba vitatu mbele na kimoja nyuma, pamoja na jiko la nje. Bati lina matundu manne juu ya kitanda changu. Nyuma kuna mparachichi. Tuliingia tarehe 21 Agosti, mimi na mjukuu wangu Ariane, tukaikuta wazi, haina hata msumari ukutani. Ariane aliandika mlangoni kwa chaki, kama wafanyavyo wote waliorudi kutoka uhamishoni: IMECHUKULIWA. JEAN-BERCHMANS.

Nilikimbia kutoka kwetu Nyanza kwenda Burundi Novemba 1959, nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Naandika Kiswahili kwa mazoea, maana mtaani Buyenzi, Bujumbura, nilikuwa nikiwaandikia watu barua kwa lugha hii jioni baada ya kazi. Kinyarwanda nilikitunza kama nguo ya Krismasi, nije nikivae nyumbani.

5 Septemba

Hakuna jambo.

19 Septemba

Mvua ya kwanza. Matundu si manne, ni sita.

Jumapili, 2 Oktoba

Nimetoka misa nikamkuta mwanamke uani, kiganja kimeshika shina la mparachichi. Umri wake kama hamsini. Amevaa koti la kiume, ana mfuko mmoja wa plastiki. Nilimsalimu kwa Kinyarwanda. Alinijibu kwa Kiswahili, kama mtu anavyomjibu askari au mgeni wa sokoni.

"Wewe, nani alikupatia hii nyumba?"

"Niliikuta wazi."

"Ilikuwa wazi kwa sababu walivunja mlango. Hii nyumba iko yangu. Mimi Nyirarukundo. Bwana yangu Théoneste ndiye alijenga. Haya matofali alipiga yeye na mikono yake."

"Yuko wapi bwana yako?"

"Uliza wale walivunja mlango."

Nikamwambia, bado kwa Kinyarwanda, kwamba mambo ya nyumba yataamuliwa na serikali. Akainua mkono.

"Sema Kiswahili tu, mzee. Kinyarwanda yako inanuka Burundi."

Nimengoja miaka thelathini na mitano nije niambiwe hivyo.

3 Oktoba

Cassien, mkuu wa mtaa, alikuja na kiti chake mwenyewe kichwani kwa sababu ya mvua, akakikalia, akaamua. Mwanamke atachukua chumba cha nyuma na jiko. Mimi na Ariane tutabaki mbele. Choo na mti ni vya wote.

"Mti siyo ya wote," alisema Nyirarukundo.

"Basi mti uwe wa mama," alisema Cassien, akatafuta mwavuli ambao hakuja nao.

Mwanamke amerudi kutoka kambi ya wakimbizi wa ndani huko Byumba. Anasema hospitali imemrudisha kazini, chumba cha picha za mionzi, alikofanya kazi miaka kumi na tisa. Sikuuliza zaidi.

7 Oktoba

Mvua. Ameweka kufuli jipya jikoni.

9 Oktoba

Mvua. Amesogeza pipa lake chini ya mchirizi wa upande wangu. Nimelirudisha.

10 Oktoba

Pipa limerudi.

13 Oktoba

Leo nimemuuliza. Sisi tuliorudi kutoka nje tunaulizana swali hili kila siku baada ya misa, lakini kwa kunong'ona. Mimi nilimuuliza usoni, akiwa anafua: "Ninyi mliokuwa humu, waliwaua wote. Wewe ulifanya nini ukabaki?"

Mikono yake ilisimama ndani ya povu.

"Rudia," alisema.

Sikurudia. Aliendelea kufua nguo ile ile, moja tu, mpaka Ariane aliporudi kutoka kazini. Naandika hapa kwamba ni swali la haki.

Jumapili, 16 Oktoba

Mchana nimekuta sahani dirishani kwangu. Nusu ya parachichi, kokwa imetolewa, chumvi pembeni. Yeye alikuwa ameshapita, mgongo wake tu niliuona. Hakusema neno na hakuonja.

Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Anayekupa chakula au kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo unajua mikono yake ni safi. Asiyeonja amesahau adabu, au hakusahau.

Nilikula yote. Tangu Bujumbura sijala kitu kizuri kama kile.

17 Oktoba

Maumivu yalianza jana saa tisa alasiri, chini ya mbavu za kulia. Yakazunguka kama kamba hadi kwenye bega, yakakaza. Nimetapika mara tatu. Sitaandika zaidi leo.

20 Oktoba

Ariane alinisimamisha mlangoni penye mwanga. "Babu, macho yako." Akaleta kioo. Weupe wa macho umekuwa rangi ya kiini cha yai. Mkojo ni kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Mwili mzima unawasha, hata nyayo.

Nilimwita Cassien. Walikuja na majirani, watu kama kumi na watano, wakasimama uani. Nilivaa koti na tai. Nilisema kwa sauti niliyotumia kusoma masomo kanisani: "Mwanamke huyu alinipa chakula bila kuonja. Siku ile ile nikaugua. Sasa nitazameni macho. Amenipa sumu, kwa sababu ya nyumba."

Nyirarukundo alikuwa kwenye mlango wa jiko. Hakukana. Alimtazama kila mmoja kwa zamu. Mama mmoja wa nyumba ya chini alimvuta mtoto wake akamweka upande wa pili wa sketi. Wa kwanza kuondoka alikuwa Twahiru, fundi cherehani wa mbele ya njia, na alipopita karibu nami alitema mate. Chini, si kwangu. Lakini alitema.

22 Oktoba

Hakuna anayeteka maji kwenye pipa lake tena. Pipa limebaki kwenye mchirizi wangu na sina nguvu ya kulisogeza.

24 Oktoba

Wamenipeleka Nyamirambo kwa mama anayewatapisha watu sumu. Alinipa dawa ya majani, chungu kuliko kwinini. Nilitapika ndani ya beseni la bati huku yeye akichokoa kwa kijiti, akanionyesha unywele mmoja na kipande cha kitu cheusi. "Ndiyo hii," alisema. Mimi nimetumia maisha yangu kutazama vitu vidogo vyeusi kwenye kitu cheupe. Kile kilikuwa jani la chai. Lakini sikusema, maana nilitaka kiwe sumu.

26 Oktoba

Njano zaidi. Choo kimekuwa cheupe kama chokaa.

28 Oktoba

Ariane anafanya kazi uwanja wa ndege Kanombe, kwenye meza ya mizigo. Wiki iliyopita abiria mmoja alizuiwa akiwa na sanduku lenye mrija mrefu mweusi ambao watu wa forodha hawakuujua. Ariane alisoma jina kwenye pasipoti, akalitambua. Ni Clovis, mtoto wa marehemu Léonce, rafiki yangu wa Bujumbura. Nilimfundisha kusoma kwa kutumia kurasa za kalenda zilizoharibika. Sasa ni daktari Ubelgiji, na amekuja likizo ya wiki tatu kusaidia. Mrija ule ulikuwa utupwe hospitalini kwake, akauomba.

Leo Ariane kamleta. Alinishika kope, akanibonyeza chini ya mbavu mpaka nikapiga ukelele.

"Mzee wangu, hii siyo sumu. Ni jiwe."

"Jiwe gani?"

Alichukua daftari hili, akachora. Mchoro uko ukurasa wa nyuma. Ini liko juu. Chini yake mfuko mdogo unaoweka nyongo, na mfereji mwembamba unaoshusha nyongo hadi kwenye utumbo. "Mawe yanajitengeneza humu mfukoni, taratibu, miaka na miaka. Moja limetoka, limekwama kwenye mfereji. Nyongo haina pa kupita, inarudi kwenye damu. Ndiyo maana umekuwa njano."

"Na parachichi?"

"Lina mafuta. Ukila mafuta, mfuko unajikamua. Ulijikamua, ukasukuma jiwe. Hata siagi ya askofu ingefanya hivyo."

Ariane alitazama nje ya dirisha.

Clovis akaeleza anachotaka kufanya. Kunipasua tumbo katika umri wangu, na damu ya kuongeza hakuna, hataki. Atapitisha mrija mdomoni, tumboni, hadi mahali mfereji unapofungukia kwenye utumbo. Mrija una jicho ubavuni. Atakata mdomo wa mfereji kidogo kwa uzi wa chuma wenye umeme, kisha atapitisha kikapu kidogo cha waya, akamate jiwe, alivute. Hakuna mshono.

"Lakini jicho halioni ndani ya mfereji. Hapo nahitaji picha ya mionzi, palepale, wakati nafanya. Mashine ya hospitali ni kuukuu na ina ukaidi. Mtu mmoja tu anaielewa. Mama Nyirarukundo. Mnamfahamu?"

Ariane alikohoa. Mimi nilifunga daftari.

Jumapili, 30 Oktoba

Clovis alienda kumwomba Nyirarukundo jikoni, nami nilikuwa nimekaa kizingitini, nikisikia yote. Nadhani alitaka nisikie.

"Lete mgonjwa mwingine, hata leo. Huyu hapana."

"Mama, jiwe likibaki ataingia homa, afe."

"Docteur, mimi niko mtu ya sumu. Alisema mbele ya watu. Kazini sasa hakuna mtu anakunywa chai na mimi, kikombe changu wanakiweka peke yake. Sasa mtu ya sumu anamgusa huyu mzee, na akifa juu ya meza, watasema nani?"

Alininyooshea kidole pale kizingitini.

"Alisema uani," aliendelea. "Aondoe uani, mbele ya wale wale."

Nilisimama kwa kujishikilia mlango. "Sema bei yako yote. Unataka nyumba."

Alicheka, mara ya kwanza namsikia akicheka. "Nyumba iko yangu. Siwezi kununua kitu yangu na jiwe yako." Kisha akasema, bila kucheka: "Ile parachichi. Nilikupatia nusu. Nusu ingine ulifikiri ilikwenda wapi? Nilikula mimi. Théoneste kila mwaka, ile ya kwanza kuiva, alikuwa anagawa na mtu wa nyumba. Mwaka huu hakukuwa na mtu mwingine."

Maisha yangu yote nimelipwa kuona kisichokuwepo kwenye ukurasa. Sahani ilikuwa na nusu, na sikujiuliza nusu ya pili iko wapi.

Hata hivyo simpendi. Angeweza kuonja.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Mvua. Sikwenda kanisani.

2 Novemba

Nimekwenda kwa Cassien, peke yangu, kwa fimbo. Nilimwambia mlangoni pake kwamba daktari anaona ni jiwe, si sumu. Akasema vizuri, atawaambia watu atakapokutana nao.

Niliporudi Nyirarukundo alikuwa ameshajua. "Ulipiga kelele uani," alisema. "Sasa unasahihisha ndani ya sikio?"

Kiwandani nilikuwa na kanuni moja, na mapadri watatu waliniudhi kwa ajili yake. Kosa lililochapwa ukurasa wa kwanza husahihishwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa ule ule. Siyo nyuma, chini ya matangazo ya mbuzi waliopotea. Mwanamke huyu hajawahi kuingia kiwandani.

4 Novemba

Homa. Nimetetemeka mpaka kitanda kimegonga ukuta. Clovis amenichoma sindano mbili. Anasema zitanishikilia siku chache tu. Ndege yake inaondoka Alhamisi tarehe 10. Ameniuliza kwa upole wa kuchukiza: "Mzee wangu, neno lile ni zito kiasi gani?"

5 Novemba

Twahiru amekuja. Sikumwita. Babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu, jambo ambalo pia sikulipenda. Alikataa kiti.

"Mzee Berchmans, umesoma vitabu vingi. Nami nimekuja kukusomea kimoja. Huyu mama alikaa nyuma ya majora yangu ya vitambaa, kwenye ghala, siku hamsini na nane. Wewe ulikuwa Bujumbura. Kila asubuhi nilimpa kikombe cha uji. Unajua niliwahi kuonja kwanza mara ngapi?"

Akajijibu mwenyewe.

"Hata mara moja. Uji ulikuwa kikombe kimoja, nikionja unapungua. Naye alikunywa. Nje walikuwa wakitoa pesa kwa anayewataja watu kama yeye, na alikunywa kikombe changu bila kunitazama usoni. Ulimuuliza alifanya nini akabaki. Hilo ndilo alilofanya. Aliamini kikombe."

"Kwa nini hakunijibu hivyo mwenyewe?"

"Kwani wewe ni nani hata akujibu?" Akavaa kofia yake. "Usipoondoa lile neno, Inshallah utakufa kwa jiwe lako. Na nitakushonea sanda, na nitaishona vibaya."

Jumapili, 6 Novemba

Baada ya misa Ariane alipita nyumba kwa nyumba. Wakaja wote, na wengine zaidi, kwa sababu mtu wa njano ni tamasha. Nilivaa koti lile lile na tai ile ile. Ariane na Cassien walinishika makwapa.

Nilisema: "Tarehe ishirini Oktoba, hapa nilipo, nilisema mwanamke huyu alinipa sumu. Nilisema uongo. Sikutumwa na mtu na sikukosea kusikia. Nina jiwe la nyongo ambalo nilikuja nalo mwenyewe kutoka Burundi. Chakula chake kilikuwa kizuri, na nusu yake alikula yeye. Aliyekuwa akiteka maji kwake zamani, arudi kuteka." Nikapumua. "Na swali nililomuuliza tarehe kumi na tatu, nalo nalifuta."

Nyirarukundo alikuwa mlangoni pa jiko, palepale.

"Ile ya sumu, nimesikia," alisema mbele ya wote. "Ile ya kuuliza, haifutiki." Kisha, kwa Clovis: "Jumanne. Saa mbili. Asile kitu tangu jioni, hata maji. Na mwambie mafundi waache taa za korido zimezimwa, mashine inakula umeme."

Mama wa nyumba ya chini alikwenda akachota ndoo moja kutoka kwenye pipa. Alichota kidogo, lakini alichota.

Jumanne, 8 Novemba

Naandika jioni, mkono bado ni mzito. Nitajaribu kuwa sahihi.

Chumba cha mionzi kina meza ya chuma, baridi, na juu yake kichwa cha mashine kinachoning'inia. Upande wa kulia kuna kioo cha picha, kama televisheni ndogo ya kijivu. Nyirarukundo alikuwa amevaa aproni nzito ya kuzuia mionzi, na aliipiga mashine ubavuni kwa ngumi, mahali maalumu, mara mbili. Ikanguruma. Clovis alikuwa ameshavaa glavu. Kulikuwa na muuguzi mmoja, na Ariane mlangoni.

"Mama, mpe ile dawa ya koo," Clovis alisema. "Asukutue, halafu ameze kidogo."

Nyirarukundo akachukua kikombe kidogo cha chuma, akaniletea mdomoni.

Nilikuwa nimeshasema uani mbele ya watu thelathini. Nilikuwa nimesema kila neno, na niliyaamini. Na bado macho yangu yalishuka ndani ya kikombe, yakatafuta. Nusu sekunde, naapa haikuzidi. Hakuna mwingine aliyeona. Yeye aliona.

Hakukasirika. Alirudisha kikombe kwake, akapiga funda kubwa, akalizungusha shavu hadi shavu huku akinitazama machoni, akameza. Kisha akanirudishia.

"Mama!" Clovis alipaza sauti. "Hiyo ni ganzi! Ni dawa ya ganzi hiyo!"

Alitaka kumjibu. Mdomo ulifunguka, yakatoka maneno laini yasiyo na mifupa, kama ya mtoto wa miezi kumi. Muuguzi alijigeuza ukutani, mabega yakimtikisika. Nyirarukundo alijifuta mate kwa mkono, akanyoosha kidole kwenye kikombe, kisha kwangu. Nilikunywa chote.

"Sasa nani atamwambia mzee abane pumzi?" Clovis alilalamika. "Mimi nitakuwa kwenye mrija!"

Nyirarukundo alinyanyua kiganja kilichofunguka: bana. Akakunja ngumi: pumua. Akanitazama kuuliza kama nimeelewa. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

Sindano ya usingizi ilikuwa kidogo, ndiyo iliyokuwapo. Walinilaza kifudifudi, uso umegeukia upande wake. Waliniwekea pete ya plastiki kati ya meno. Mrija ni mnene kama kidole cha mwisho, na unaposhuka mwili mzima unasema hapana. Machozi yalitoka yenyewe. Sikumwona Clovis hata kidogo. Nilichoona muda wote ni mkono mmoja wa mwanamke nisiyempenda.

Kiganja. Nilibana. Mashine ikavuma, na kwenye kioo nikaona kijiti cheupe chenye matawi kikijichora ndani yangu. Hivyo ndivyo dawa ya picha inavyojaza mfereji. Karibu na mwisho wa kijiti kulikuwa na shimo jeusi la mviringo. Ngumi. Nilipumua.

"Ndilo hilo," alisema Clovis. "Mama, lirudishe katikati. Kidogo. Asante."

Kiganja. Harufu ya nywele zilizoungua, ndio ule mkato wa uzi wa umeme. Ngumi. Kiganja. Mashine ikakohoa ikazimika, giza likaingia kwenye kioo. Clovis akalaani kwa Kifaransa. Kiganja cha kushoto cha Nyirarukundo kilibaki wazi mbele ya uso wangu, na mkono wa kulia ukapiga ngumi ile ya ubavuni, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kifua changu kilikuwa kinapasuka. Ikanguruma. Kijiti kikarudi, na sasa ndani yake kulikuwa na kikapu cha waya, kimefunguka kama ua, kikalifunika lile shimo jeusi, kikajifunga.

Ngumi. Kwa muda mrefu, ngumi.

Jiwe liko hapa mezani, ndani ya chupa ya penisilini. Ni la kahawia, kubwa kidogo kuliko punje ya harage, lina pembe. Clovis aliniambia nilitunze. Anasema mfuko wenyewe bado unaweza kutengeneza mengine, nijihadhari na mafuta.

Waliponikalisha kwenye kiti, Nyirarukundo alikuwa anavua aproni. Ulimi wake ulikuwa umeanza kurudi.

"Haya," alisema taratibu, akitafuta kila herufi. "Nenda ukakule parachichi."

10 Novemba

Ndege ya Clovis imepita juu ya Kimisagara saa tano. Mkojo umekuwa mweupe.

16 Novemba

Macho meupe. Mvua kila siku. Cassien amepita: serikali bado haijaamua kuhusu nyumba, niendelee kukaa kwa amani, hakuna atakayenitoa. Nilimshukuru. Alipoondoka nilikaa nikiangalia dari. Matundu sita.

Kwa siku nane nimekuwa nikiirudia nusu sekunde ile. Naweza kusema mbele ya watu kwamba kosa limesahihishwa, na mapadri wangekubali. Lakini mkono ulioliandika lile kosa mara ya kwanza ulikuwa tayari kuliandika tena, na mwenye nyumba alilisoma kabla yangu. Mimi na yeye hatutakaa chini ya bati moja. Mume wa mmoja wetu alipiga haya matofali. Mwingine aliandikiwa jina mlangoni kwa chaki.

Hajanitendea wema hata mmoja tangu Jumanne ile. Haniongeleshi. Pipa limerudi tena chini ya mchirizi wangu.

25 Novemba

Ariane amepata vyumba viwili Kicukiro, kushuka kutoka njia panda ya Sonatubes. Ni vibaya kuliko hivi. Mwenye nyumba ile yuko hai, na ametukabidhi ufunguo kwa mkono wake.

Jumapili, 4 Desemba

Asubuhi nimefuta chaki mlangoni kwa kitambaa kibichi. Haikutoka yote. Mbao imeinyonya, na ukijua pa kutazama unaona herufi ya kwanza ya jina langu.

Ariane alitangulia na godoro. Nilichemsha chai ya mwisho kwenye jiko langu la mkaa, nikamimina kikombe kimoja, nikakipeleka nyuma. Nyirarukundo alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage. Nilisimama mbele yake. Nilionja, funda moja, mbele ya macho yake, kama inavyopaswa, kama watu wanavyofanya. Nikamnyooshea, pamoja na ufunguo wa kufuli la mlango wa mbele nililonunua mimi.

Aliuchukua ufunguo. Kikombe alikitazama.

"Shyira aho," alisema.

Weka hapo. Kwa Kinyarwanda. Ni mara ya kwanza tangu tukutane tarehe mbili Oktoba.

Nilikiweka juu ya ukuta mfupi wa ua, karibu na mkono wake. Nikamwambia kwaheri kwa Kinyarwanda changu kinachonuka Burundi, naye akaendelea kuchambua maharage.

Nilipofika mbele ya cherehani ya Twahiru nilisimama kupumzika, nikageuka. Mvua ilikuwa imeanza. Alikuwa ameingia ndani na maharage yake na amefunga mlango. Kikombe kilikuwa bado juu ya ukuta, kimejaa, na mvua ilikuwa inakifurisha.